Namba Arobaini na Moja

Saa sita ya mchana haijagonga,
Wáshington Olivera ameshaegemeza baiskeli
kwenye mlingoti wa taa, mtaani Cordón,
na ngazi zetu zimeanza kunukia vitunguu
orofa baada ya orofa.

Sufuria nne za enameli, moja juu ya mwenzake,
zimebanwa kwa ukanda wa chuma;
na kwenye mshikio wa mbao, kwa rangi nyekundu: 41.
Hilo ndilo lilikuwa jina letu jikoni kwao.
Si Bentancor, fundi saa, na binti yake.
Arobaini na moja. Walaji wawili. Mdogo hataki maini.

Baba alijiandikisha wiki ile Mama alipohamia Salto
na redio yetu.
Alilipia mwezi mzima kabla haujaanza,
noti zimekunjwa ndani ya sufuria ya juu
iliyooshwa ikaoshwa tena,
maana kurudisha chombo kichafu, alisema,
ni kumtukana mtu usiyemwona.

Jumatatu dengu na mfupa.
Jumanne sijui. Nimezisahau Jumanne zote,
labda wali.
Jumatano nyama iliyopondwa ikavikwa chenga za mkate.
Ijumaa samaki, na Baba akichambua miiba
kwa kibano kilekile cha kuokotea skrubu,
lenzi imemkaa jichoni,
nami nangoja, mdomo wazi, kama kinda.

Upepo wa mtoni ukivuma, supu ilimwagika njiani.
Tulipima hali ya hewa kwa kina cha supu.

Na kila tarehe ishirini na tisa, nyoki za viazi.
Mjini kwetu siku hiyo huwekwa sarafu chini ya sahani
ili mwezi mpya usikukute mikono mitupu.
Sisi tuliikuta imeshabandikwa
kwenye kitako cha sufuria ya chini, kwa unga na maji.
Peso moja.
Baba aliibandua, akaikagua kwa lenzi
kana kwamba inachelewa dakika tano kwa siku,
kisha akairudisha palepale, kwa gundi yake ya kazini.

Peso ile ilikwenda na kurudi miaka sita.
Mimi nilidhani ni hesabu tu, inakataa kulingana.

Halafu Wáshington akaja kwa miguu,
kofia mkononi, hana harufu yoyote.
Mafuta yamepanda bei, alisema, nyama ndiyo usiseme,
na watu sasa wana majokofu.
Bi Nélida anawasalimu wote.
Ndivyo tulivyolijua jina lake,
siku lilipokuwa halina kazi tena.

Sufuria zetu alizisahau, au aliziacha.
Wiki nzima Baba aliacha mlango wazi kidogo
ifikapo saa sita.
Tarehe ishirini na tisa alipika nyoki mwenyewe,
ngumu kama vifungo vya koti;
akazipakia, akafunga tai, akanishika mkono.

Mlango ulikuwa na kufuli.
Baba aliniinua nichungulie dirishani:
ukuta mzima wa misumari,
kila msumari na namba yake, na sufuria zake zimening'inia,
safi, zimetulia kama popo mchana.
Msumari mmoja tu ulikuwa mtupu.
“Unaona nini?” aliniuliza.
“Sufuria,” nikamjibu.

Alibandua peso, akaisukuma chini ya mlango.
Tukala nyoki zile kwenye ngazi za mtu tusiyemjua,
zimeshapoa,
na Baba akasema, mdomo umejaa,
kwamba chumvi imezidi.

Ninazo bado, zile sufuria.
Tatu; ya supu ilitoboka.
Kwenye kitako cha ile ya chini kuna duara la gundi,
nikiosha napapita kando.

Maboga, nadhani.
Jumanne ilikuwa maboga.